Mfuko Namba Moja wa Ami Maatuk

Asubuhi ya tarehe nane Muharram kichujio kiliziba tena.

Kwenye maabara ya damu ya hospitali yetu nilikuwa nimetundika mifuko kumi na miwili ya damu, kila mmoja na mrija wake na kichujio chake cha kuondolea seli nyeupe. Kumi na mmoja ilikuwa inashuka kama inavyotakiwa. Mmoja ulisimama. Damu ilifika kwenye kichujio, ikasita, ikawa nzito kama asali ya tende iliyosahauliwa kwenye friji, ikagoma. Sikuhitaji kusoma lebo. Niliisoma hata hivyo, mara mbili, kwa sababu ndivyo nilivyojizoesha. Namba moja. Maatuk, miaka hamsini na tisa.

Ami yangu. Mwaka wa sita mfululizo.

Kijijini kwetu hema la kuchangia damu husimamishwa kando ya husainiya, ukumbi wetu wa maombolezo, siku za Ashura, na mfuko wa kwanza ni heshima. Anayeutoa hupigiwa salawati, hupigwa picha, na jioni hupewa cheti. Ami Maatuk aliipata heshima hiyo mwaka ambao mjukuu wake Rabab alilazwa kwa mara ya kwanza, mtoto wa mwaka mmoja, vidole vimevimba na ana kilio kisichonyamazishwa. Rabab ana selimundu. Siku ile ami aliweka nadhiri mbele ya watu kwamba atatoa damu kila Ashura mpaka mtoto apone, na mfuko wake ndio utakuwa wa kwanza. Nani angemwambia pale kwamba selimundu haiponi kwa mfuko mmoja kwa mwaka? Mtu mzima alikuwa analia.

Mfuko wa mwaka ule uliziba. Nikaandika kwenye daftari: kichujio kibovu. Wa mwaka uliofuata ukaziba. Nikaandika vilevile. Watengenezaji wa vichujio wangelisoma daftari letu wangefunga kiwanda kwa aibu, maana kila mwaka walikuwa wanatuletea kichujio kimoja kibovu, na kila mwaka kilikuwa kinamwangukia ami yangu.

Nilijua maana yake. Damu yenye selimundu huziba vichujio hivyo, hata ya mtu mwenye jeni moja tu ambaye haumwi chochote. Nilimhesabu ami kuwa mbebaji kama nusu ya kijiji, kama mimi mwenyewe, nikasema moyoni kwamba iko siku nitamwambia. Kwenye hema nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Muuguzi alimtoboa kidole, mashine ikaonyesha wingi wa damu kumi na mbili na nukta nne, naye akaandika kumi na tatu, kiwango cha chini cha mchangiaji, kwa sababu mpigapicha alikuwa anasubiri na Haji Maatuk alikuwa amekula maini wiki nzima kwa ajili ya siku hiyo. Mfuko ukiziba haupewi mgonjwa. Tulikuwa tunauchoma.

Haya yote ningeendelea kuyavumilia kwa uvivu wangu, kama si zile kapsuli.

Miezi minane kabla ya hapo, baada ya kifua cha Rabab kuzidiwa kwa mara ya pili, Daktari Wijdan wa kitengo cha damu alimwandikia dawa inayoitwa haidroksiyurea. Alimwambia mama yake, Kauthar, kwamba kifua kikizidiwa mara ya tatu hawezi kuahidi kitu. Kauthar alichukua kasanduku ka dawa, akakapeleka nyumbani, akakaweka juu ya friji. Hapo ndipo kalipobaki. Baba yake, yaani ami Maatuk, alisikia kwamba dawa hiyo hutumika pia kwa saratani, akasema haitaingia kinywani mwa mjukuu wake. Mume wa Kauthar anafanya kazi kwenye visima vya gesi, wiki tatu kule na moja nyumbani, na kila akiulizwa kwa simu jibu lake ni moja: muulize baba yako.

Nami nilimuuliza baba yake. Nilimuuliza mara nne.

"Dawa yake ni damu safi," ndivyo alivyonijibu kila mara. "Mimi naitoa, yeye anaipokea. Sumu ya nini?"

Basi tarehe nane ile Daktari Wijdan alipita kwenye chumba chetu kutafuta chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa ajili ya mgonjwa wake, akauona ule mfuko uliosimama, akafungua daftari. Alirudi nyuma kurasa nyingi.

"Makkiya," akasema. "Huyu mtu vichujio vinamchukia?"

"Ni ami yangu, daktari."

"Sijauliza ni nani yako. Tyubu yake ya jana iko wapi? Ipitishe kwenye mashine ya himoglobini."

Nikaipitisha. Baada ya saa nzima niliipeleka karatasi ofisini kwake. Akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Umechanganya tyubu."

"Sijachanganya."

"Hii hapa ni selimundu kamili. Himoglobini ya kikubwa iliyo nzima hakuna hata chembe. Na himoglobini ya kitoto ni ishirini na saba kwa mia. Hii ni damu ya mtoto mchanga, wa miezi sita hivi, mwenye selimundu. Nenda kaangalie rafu."

"Nimeangalia, daktari. Leo hakuna sampuli ya mtoto."

"Mgonjwa wa selimundu wa miaka hamsini na tisa hachangii damu miaka sita."

"Huyu anachangia. Na anapanda mitende."

Akanitazama kama anayepima iwapo nimelala vizuri. Alijua, kama tunavyojua sote tunaofanya kazi hii huku mkoani Hasa, kwamba wako wazee wa mashambani waliobaki na himoglobini ya kitoto nyingi, na ugonjwa wao ukawa mpole. Lakini kujua jambo kwenye vitabu si sawa na kulikuta limepewa vyeti sita.

"Lete sampuli nyingine," akasema. "Uitoe wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Kisha umpe barua ya kumsimamisha kuchangia. Na umweleze, Makkiya. Usiniandikie tena habari za vichujio."

Siku ya pili baada ya Ashura nilikwenda shambani kwake. Joto lilikuwa lile la kuchemsha maji kwenye mabomba. Ami alikuwa juu ya mtende, amejifunga kamba yake ya kupandia kiunoni, anachuma tende za mwanzo na kuzitia kwenye kikapu.

"Ami, shuka."

"Sema tu, nasikia."

"Si jambo la kusemwa kwa kelele."

"Basi panda."

"Ami, nimetoka kazini, niko kwenye jua."

"Na mimi niko wapi? Chini ya kiyoyozi?"

Nilisubiri. Alimaliza kichala kizima, akahamia cha pili, akaniuliza habari za mama yangu, akaniuliza kwa nini ndugu yangu haonekani kwenye msiba wa Muharram, akamaliza na cha tatu. Mwishowe akashuka, polepole, akitua mguu wa kulia kwanza. Nyonga yake ya kushoto ilianza kumsumbua mwaka juzi. Alisema ni pale alipoteleza kwenye shina lenye unyevu, nasi sote tukakubali. Sasa niliutazama ule mwendo wake nikaona nilichotakiwa kukiona siku nyingi. Selimundu hula kichwa cha mfupa wa nyonga pole pole, hata kwa mtu asiyelalamika.

"Tunahitaji damu yako kidogo tena," nikamwambia. "Tyubu mbili."

Uso wake ukafunguka. "Imewapendeza."

"Tunataka kuhakikisha jambo."

"Hakikisheni." Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akakunja mkono wa kanzu mwenyewe. "Wakati ule Kauthar na mumewe walipopewa karatasi kabla ya ndoa kwamba damu zao haziendani, niliwaambia: nitazameni mimi. Ukoo wetu damu yake ni nzuri. Karatasi zenu zinatisha watu bure."

Nilifunga mpira kwenye mkono wake nikatafuta mshipa. Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, nimeyapanga njia nzima, la kwanza, la pili, la tatu.

"Ule mfuko wangu mwaka huu umekwenda kwa nani?" akauliza.

"Sijui, ami," nikasema. "Hatuandiki majina."

Nilikwenda na ukweli nikarudi na kikapu cha tende. Njiani nilijitukana kwa sauti ndani ya gari.

Sampuli ya pili ilitoa jibu lilelile, tofauti ilikuwa ya nukta tu. Niliiweka karatasi kwenye bahasha pamoja na barua, bahasha nikaiweka kwenye mkoba, na mkoba nikautembeza siku mbili. Kisha Rabab akaletwa hospitali.

Safari hii ilikuwa mgongo na mguu wa kulia. Kifua kilikuwa bado salama, lakini Daktari Wijdan alikisikiliza kila baada ya saa chache. Damu ilikuwa imeshuka hadi sita. Wakamtundikia mfuko, na mimi ndiye niliyeutoa kwenye friji na kuulinganisha. Nilipanda wodini baada ya adhuhuri kuona unavyokwenda. Rabab alikuwa amelala ubavu, macho wazi, ameshika ukingo wa shuka. Kauthar alikuwa anamkanda mguu kwa mafuta ya moto. Ami Maatuk alikuwa kwenye kiti, na kikapu chake miguuni, anautazama ule mfuko kama mtu anayetazama mtoto wake akisoma mbele ya watu.

"Ni wangu ule?" akaniuliza.

"Si wako, ami."

"Unajuaje? Umesema hamwandiki majina."

"Najua."

"Huenda ni wangu. Nimetoa juzi tu. Rabab, tazama, huenda ile ni damu ya babu."

Rabab akainua macho kuutazama mfuko. Sikuweza tena. Mtoto ana miaka sita, anauma meno asilie, naye anaambiwa uongo ambao nimeuandika mimi kwa mkono wangu.

"Ami, damu yako haijawahi kumfikia mtu," nikasema. "Mifuko yote sita iliziba. Tuliichoma."

Kauthar aliacha kukanda. Ami akasema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko ukali, "Mliichoma."

"Ndiyo."

"Na vyeti?"

"Vyeti tulikupa."

"Kila mwaka."

"Kila mwaka."

"Na wewe ulikuwa unakuja nyumbani kwangu kunywa kahawa."

Nilitoa bahasha, nikamkabidhi karatasi ya mashine. Akaishika juu chini. Kauthar akaichukua, akaigeuza, akaisoma. Yeye anazijua karatasi hizi. Ana mkoba mzima wa za Rabab.

"Hii ni ya nani?"

"Ya baba yako."

"Haiwezekani. Hii ni kama ya Rabab."

"Ni kama ya Rabab," nikasema. "Mstari mmoja tu ndio tofauti."

"Mimi si mgonjwa," ami akasema.

"Baba, ngoja."

"Nimepanda mitende tangu nikiwa na miaka tisa. Mgonjwa yuko hapo kitandani. Mimi si mgonjwa."

"Nyonga yako, ami," nikasema.

"Niliteleza."

"Baba, ulikuwa na miaka hamsini na saba, uliteleza kutoka kimo cha goti," Kauthar akasema. "Mwache amalize. Dada Makkiya, maliza. Mstari gani?"

Mimi si mwalimu. Mambo haya niliyajua kwa kusoma peke yangu, vitabu vya mtumba na makala nilizochapisha nikazitia mistari kwa kalamu, na kila nikijaribu kuyaeleza huwa naanzia katikati. Niliutazama mkono wa ami uliojaa sugu za kamba, nikajaribu kuanzia kwake.

"Shamba lako, ami, lina milango mingapi ya maji?"

"Usinichezee. Mimi si mtoto."

"Nijibu tu."

"Miwili. Wa mfereji wa zamani na wa mfereji mpya. Na nini?"

"Seli nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Ikiwa bado changa, seli ina kiini, na ndani ya kiini mna maelekezo ya namna ya kutengeneza himoglobini. Inajijaza, inajijaza, halafu inakitupa kile kiini na kuingia kwenye mishipa. Baada ya hapo haina pa kusoma tena. Itaishi na kile ilichojijazia."

"Zinatupa akili zao," ami akasema.

"Ndiyo, kama unavyosema. Sasa yale maelekezo ni ya aina mbili, yamepangana kama mifereji yako. Mtoto akiwa tumboni, mlango ulio wazi ni wa himoglobini ya kitoto. Akizaliwa, ule hufungwa kidogo kidogo, unafunguliwa wa kikubwa. Baada ya mwaka hivi, karibu kila mtu ameshafungiwa wa kitoto. Selimundu iko kwenye mfereji wa kikubwa tu. Ndiyo maana Rabab alizaliwa mzima, mikono ikaja kuvimba baadaye. Ule wa kitoto maji yake ni safi."

"Na mimi?"

"Kwako mlango wa kitoto haukufungika sawasawa. Unavuja mpaka leo. Zaidi ya robo ya himoglobini yako ni ile uliyozaliwa nayo, nayo huzuia ile mbovu isishikamane na kuzikunja seli. Ugonjwa unao, ami. Umekuwa nao miaka hamsini na tisa. Kinachokulinda ni ule mvujo."

Akakunja uso. Aliyewahi kumwona ami Maatuk akizozania zamu za maji anaujua uso ule.

"Uzembe wa nani?"

"Si uzembe. Ni herufi moja kwenye yale maelekezo. Umerithi."

"Kwa nani?"

"Kwa babu yangu na bibi yangu. Wazazi wako."

"Basi usiseme unavuja. Sema uliachwa wazi."

"Uliachwa wazi," nikasema.

Kauthar alikuwa ameiweka karatasi ya baba yake juu ya godoro, na kando yake moja ya Rabab aliyoitoa mkobani, ya mwezi wa tatu. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari. "Rabab ana tisa."

"Rabab amepata upande mmoja kwako wewe, ulio wazi kama wa babu yake. Upande wa baba yake umefungwa kabisa. Kwa hiyo ana tisa."

"Na zile kapsuli?" akauliza. Aliniuliza mimi, lakini macho yalikuwa kwa baba yake.

"Zinaulegeza mlango wa kitoto. Ile himoglobini inapanda."

Ami akasimama, akashikilia mgongo wa kiti. "Inafanya damu yake iwe kama yangu?"

"Inaisogeza huko. Si kwa kila mtu, na si kwa kiwango kilekile. Inachukua miezi. Na lazima apimwe kila mwezi, kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe kupita kiasi. Sitaki useme nilikuahidi."

"Mbona imeandikwa saratani?"

"Hutumika na huko pia."

"Miezi minane," akasema, na sasa upole ulikuwa umekwisha. "Miezi minane mnanijia na dawa, dawa, dawa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ni habari ya damu yangu."

"Ami, nilikueleza mara nne. Mara ya pili ulikuwa unasikiliza bei ya tende redioni. Mara ya tatu ulianza kusali rakaa za sunna, hukumaliza mpaka nikaondoka."

"Ulinieleza habari za jeni. Hukuniambia mlango."

"Sikujua kwamba nawe unao."

"Kwa sababu hukupima. Uliandika kichujio kibovu."

Hilo lilinifika. Kitandani Rabab akageuza shingo.

"Babu, kwa hiyo mimi na wewe tuna ugonjwa mmoja?"

"Mama yako mdogo Makkiya anasema hivyo."

"Na wewe unaumwa hapa?" Akagusa nyonga yake mwenyewe.

Ami akashika nyonga yake ya kushoto. Nadhani lilikuwa swali la kwanza siku ile ambalo hakuwa na la kulirudisha. "Asubuhi," akasema. "Nikiamka. Na nikishuka mtende."

"Mimi usiku na asubuhi," Rabab akasema, akarudisha kichwa kwenye mto.

Ami akamgeukia binti yake. "Kasanduku kako wapi?"

"Juu ya friji."

"Kakalete."

Kauthar hakungoja asemeshwe mara mbili. Alikuwa ameshavaa abaya yake na anatafuta funguo ilipobidi nimzuie.

"Si leo. Kwanza daktari aone hesabu ya seli zake, na hili tatizo la sasa litulie. Halafu aanze. Kesho kutwa, pengine siku ya tatu."

Ami akanikodolea macho. Akamtazama Kauthar, akautazama mfuko wa damu, akanitazama tena.

"Miezi minane mmenisumbua," akasema. "Leo nimekubali, mnaniambia kesho kutwa."

Kifua cha Rabab kilibaki salama safari hiyo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Daktari Wijdan akaruhusu kapsuli ya kwanza. Rabab hawezi kumeza kapsuli, kwa hiyo Kauthar alivaa glavu, akaifungua, akaikoroga kwenye maji kidogo. Ami alikuwepo. Aliuliza kwa nini mama anavaa glavu kama kitu ni salama, nikamweleza. Aliuliza kwa nini si mbili, nikamweleza. Aliuliza kama inaweza kuliwa na tende, nikamwambia muulize daktari, daktari akasema ndiyo, na Rabab akala tende tatu kuondoa ladha.

Barua ya kumsimamisha kuchangia hakuisaini. Ilihitaji saini yake kwamba ameelewa, na kwamba atakuja kliniki kupigwa picha ya nyonga na kuanza matibabu yake mwenyewe. Aliikunja akaitia mfukoni. "Nadhiri ni nadhiri," akasema. "Mpaka apone."

Mimi nilirudi chumbani kwangu, nikafungua daftari, nikapiga mstari kwenye maandishi yangu ya miaka sita. Pembeni ya kila mstari niliandika: kichujio kizima, mchangiaji hakuambiwa. Kisha saini yangu. Mkuu wa maabara alinikaripia kwa kuchafua daftari.

Kuanzia hapo nikapata mateso ya aina nyingine. Kila tarehe moja ya mwezi, kabla ya dirisha la maabara kufunguliwa, ami Maatuk alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi na Rabab kando yake. Kauthar hakupewa nafasi ya kumleta. Damu ikitolewa, haondoki. Anagonga dirisha.

"Ngapi?"

"Ami, hii ya leo ni ya seli nyeupe tu. Ile ya kitoto tutaipima baadaye. Ametiwa damu ya watu, namba haitakuwa yake."

"Kwa hiyo ngapi?"

Mwezi wa kwanza niliulizwa hivyo. Mwezi wa pili pia. Mwezi wa tatu seli nyeupe zilishuka kidogo, Daktari Wijdan akasimamisha dawa wiki moja, na ami akakaa dirishani kwangu siku mbili akinilaumu kwa kukosa msimamo. Mwezi wa tano, damu ya watu ikiwa imekwisha mwilini mwa Rabab, nilipima. Kumi na mbili. Mwezi wa nane, kumi na tano na nukta mbili. Tangu aanze kapsuli Rabab alikuwa amelazwa mara moja tu, siku mbili, kwa homa.

Nilimsomea ami namba kupitia dirisha. Akairudia midomoni mwake.

"Na yangu?"

"Yako ni ishirini na saba. Haibadiliki. Na barua yako iko wapi?"

Aliitoa mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, ina doa la kahawa. "Kalamu," akasema. Nikampa. Akasema haiandiki. Nikampa nyingine. Akasaini akiwa amesimama, mguu wa kushoto umeinuliwa kidogo, akaisukuma barua kwangu na kuanza kuondoka, Rabab ametangulia.

Nikaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wake mkubwa, alikuwa ameandika majina kumi na moja ya wanaume wa kijiji chetu, na juu yake: hawa watatoa mahali pangu, wa kwanza ndiye namba moja. Nikayasoma mara mbili. Wote ni watu wazima, wenye heshima zao, na walikuwa wameshamkubalia. Saba kati yao ni wabebaji; vipimo vyao nilivifanya mimi mwenyewe walipokuwa wanaoa, na nilivikumbuka vyote. Si ruhusa yangu kumwambia ami ni akina nani.

Miaka sita iliyopita ningeikunja karatasi ile, nikaiweka kwenye droo, nikaandaa vichujio saba vya akiba. Nilitoa kichwa dirishani.

"Ami, rudi."

"Nimeshasaini."

"Nimeiona saini. Nazungumzia majina. Hawa wote waje wapimwe kwanza. Kabla ya Muharram, kabla hujawatangaza."

"Wote?"

"Wote kumi na moja. Na wasiofaa wataambiwa, nami ndiye nitakayewaambia, kila mmoja peke yake."

Akasimama pale kwenye ukumbi, ameudhika, Rabab anamvuta mkono. Kisha akarudi dirishani akichechemea, akanyoosha mkono nimrudishie karatasi na kalamu, aongeze juu ya majina: wapimwe kwanza.